Mrija wa Mbu

Dada yangu kipenzi,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye hapa maabara hata maprofesa wanamwita "Fundi". Kazi yangu ni kuchomoa mirija ya mkojo ya mbu. Kila mbu anayo mitano, myembamba kuliko unywele, na mimi niliyeishia shule ya msingi sijakata hata mmoja. Wenye digrii zao wanaikata kila siku!

Mrija tunauweka kwenye tone la maji ya chumvi, unalala tu. Ukitiwa homoni kidogo, unaanza kutoa maji, na mbu mwenyewe alishakufa! Mtaalamu wetu anasema homoni haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi ukutani, na ndani kuna mjumbe anayekimbia kufungua milango ya chumvi. Chumvi ikipita, maji yanafuata.

Nikamtania, "Mama, nipe na mimi tone moja, figo zangu ziamke."

Hakucheka. "Kaka, kwako hodi inapigwa kila siku. Ndani hakuna tena wa kufungua."

Dada, majibu ya vipimo vyako yametoka. Figo uliyotaka kunipa hainifai. Daktari amerudia mara mbili, na ndugu tumebaki wawili tu. Hata mashine ya kusafisha damu, mwili wangu umeanza kuikataa. Usilie mbele ya shemeji, atadhani nimekutukana.

Njoo tu unione. Usingoje watoto wafunge shule.

Ni mimi, mdogo wako mtundu.