Mtu Aliyekataa Kuhama

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua. Uji, vidonge vya moyo, redio. Jirani yangu Atuganile alipita na kuni kichwani, akaniamkia kama baba, kwa Kinyakyusa. "Ugonile, tata?" Nikaitikia. Baadaye Ambakisye, baba yake, akazungumza tena migombani. Alikufa zamani. Maisha yangu yote nimekuwa daktari wa akili. Ningekuwa mgonjwa wangu, ningejiandikia dawa. Sitaki dawa.

Alhamisi, 6 Machi
Atuganile amelia barazani kwangu. Mjukuu wake ameposwa, lakini upande wa mume, watu wa Mwaya, wanasita. Wamesikia ukoo una wazimu, kwa kuwa Ambakisye alifia hospitali ya vichaa. "Wewe ndiye daktari, tata. Unarithiwa?"
Nikasema nitafikiri. Mwoga.

Ijumaa, 7 Machi
Sijalala. Wakati wa vijiji vya ujamaa Ambakisye alikataa kuhama Ipyana. Alisema baba yake, aliyezikwa pale migombani, hajamruhusu. Wakubwa wa chama wakaniita. Nilikuwa mjamaa wa kweli. Bado ni mjamaa. Niliamini anayeikataa kesho njema ni mgonjwa. Nikaandika: anaongea na wafu.
Mimi, Mnyakyusa. Mama yangu alimsalimu marehemu baba kila asubuhi kabla ya kukata ndizi. Nilijua. Nikatia sahihi apelekwe hospitali ya vichaa. Sindano zikamtoa udenda. Walimzika hukohuko, mbali na migomba yake.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia Atuganile. Nilijikongoja kwa fimbo hadi kwake. Alikuwa akipepeta mchele. Hakuacha.
"Kwa hiyo hakuwa kichaa."
"Hakuwa."
"Mama alitukataza hata kumtaja." Akapuliza pumba. "Utakwenda Mwaya. Ukaseme kwa mdomo wako."

Jumatano, 12 Machi
Mwaya, kwa bajaji. Atuganile kando yangu. Nilisema yote mbele ya wazee wao. Mmoja akacheka: "Kumbe kichaa alikuwa daktari." Sikubisha. Posa imebaki palepale, haikuvunjwa. Aibu yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiogopa. Hilo linauma zaidi.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua imekatika. Atuganile alipita na kuni. Hakusalimia. Ni haki yake.
Ambakisye naye kanyamaza tangu Mwaya. Nilidhani ningepumua.
Jioni nilikwenda penye kaburi la baba yangu, nikashika mgomba nisianguke. Sikuwahi kumsalimu, kama mama, tangu nisome.
Ugonile, tata?
Nikasubiri.