Nilisimama na Mpira Mkononi

Kolwezi, Manika,
Jumapili baada ya misa

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Kisimba, Kongolo

Yaya mpendwa,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama, nawasalimu wote waliokaa hapo nyumbani. Mguu unakusumbuaje sasa mvua zimeanza? Mara ya mwisho ulisema ule usiokuwepo ndio unaouma zaidi, hasa baridi ikiingia. Na mama, kifua kimempa nafuu? Mimi mwili wangu mzima. Nasema mwili, kwa sababu mengine si mazima.

Hii ni Jumapili ya tatu naketi na kalamu. Mbili za kwanza niliandika salamu, nikachana karatasi. Leo sina njia, kwa maana barua hii anaibeba Mama Feza, yule mfanyabiashara wa samaki wa kukausha kutoka kwetu, anayepanda treni kesho. Alikuwepo uwanjani siku ile, na mdomo wake unaujua. Ameniapia hatasema neno mpaka uwe umemaliza kusomewa. Nimeona heri uyasikie kwangu.

Redio mliisikia, najua. Ilisema kwamba Nyundo, timu ya kikapu ya Kolwezi, imeshindwa fainali kwa pointi moja. Haikusema nani alikuwa na mpira.

Shemeji, wewe ndiwe unayemsomea, maana yaya na barua hawajawahi kupatana. Wewe hukuijua Nyundo, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo. Yaya ataguna kwamba anayajua yote. Mwache agune.

Timu ilianza na mpira mmoja ulioletwa na padre wa misheni. Hapakuwa na uwanja. Yaya alikuwa mchomeleaji wa Kampuni ya mgodi, akaokota vyuma vilivyotupwa nyuma ya karakana, akachomelea ringi mbili kwa mkono wake. Moja ilitoka sawa. Ya pili, ile ya upande wa shimo la mgodi, ilitoka imeinama kidogo kushoto, na haikunyooshwa tena. Walicheza juu ya udongo mwekundu wakiwa na buti za kazini. Wageni walikuwa wanaitukana ile ringi, wenyeji waliipenda kama mtoto mwenye kigugumizi.

Mwaka wa kwanza wa mchujo walipelekwa Likasi juu ya lori, wakashuka wekundu wa vumbi mpaka kope, watu wakacheka, nao wakafungwa vibaya. Mwaka uliofuata walifika nusu fainali, nahodha akaangushwa na malaria asubuhi ya mechi. Mwaka wa tatu ndio fainali ya Lubumbashi, ambayo yaya huisimulia akilewa na asipolewa. Alifunga karibu nusu ya vikapu vyote. Walishindwa dakika ya mwisho, lakini wenyeji walimpa yeye zawadi ya mchezaji bora: viatu vyeupe vya turubai, viatu vya kwanza vya kikapu kuonekana Manika.

Baada ya hapo Kampuni ikaichukua timu iwe yake. Ikamwaga saruji uwanjani. Mtu aliandikwa kazi kwa urefu wake. Wachezaji walitoka kazini adhuhuri, wakala kantini ya wasimamizi, wakapewa nyumba kambini. Ikawa kikapu ni kazi kama kazi nyingine.

Na majuma matatu tu baadaye, yaya aliitwa shimoni kuchomelea mashine ya kutoboa mawe. Viatu alivining'iniza kwenye mashine, kwa sababu hakuviacha mahali popote. King'ora cha baruti kikalia. Shemeji, hapa kila mtu anajua sheria ya king'ora: kikilia cha kwanza, acha ulichoshika, kaa mbali na ukuta wa shimo, simama, usisogee mpaka kilie cha pili. Hata wanawake kambini huweka sufuria chini. Yaya alikuwa ameshatoka. Akakumbuka viatu, akarudi. Viatu vilipona.

Yaya, hukuwahi kumsimulia mkeo hayo, najua. Umekuwa ukisema ni ajali tu. Nisamehe, lakini bila hayo hatanielewa, wala wewe hutanielewa.

Unakumbuka siku uliyonipa vile viatu, stesheni ya Kongolo, nilipokuja kushika nafasi yako? Ulinishika kola mbele ya watu. Ukasema: "Mudogo, sirène ikilia, acha byote. Hata kama ni mi njo nakuita kule nyuma, usirudie. Simama, ungoye ya pili." Nikaapa. Halafu ukasema jambo la pili, kwamba siku Nyundo itakapochukua kombe utapanda treni na magongo yako uje ulishike hata dakika moja. Mama akakata kitambaa cha shati la safari. Najua shati lile bado liko sandukuni.

Basi mimi pia nilikwama kwenye nusu fainali, mara mbili, unajua. Mwaka huu mkuu wa michezo wa Kampuni alituita tukiwa tumekaa chini kwenye saruji. Akatuita wananchi, kama ilivyo amri ya siku hizi: "Bacitoyens, mwaka huu kombe, ao basi." Hatukuhitaji maelezo: tukishindwa, timu inavunjwa. Lakini tulicheza, yaya! Tuliwatoa Likasi, tukawatoa wengine, na fainali ikaangukia kwetu, Manika, kwenye ringi zako.

Mechi ilipangiwa saa nane, ili iishe kabla ya saa ya baruti. Lakini unajua sherehe za siku hizi. Wacheza ngoma walicheza, hotuba ikafuatwa na hotuba, na kila mkubwa aliyevaa koti la abacost alitaka kushukuru. Tulipoanza jua lilikuwa limegeuka. Hakuna aliyehesabu masaa. Sisi sote wa mgodini, watu ambao saa ya baruti tunaijua usingizini, hakuna hata mmoja aliyehesabu.

Wale wa Lubumbashi walikuwa wazuri, siwezi kuwapunguzia. Lakini kipindi cha pili tulikuwa tunashambulia ringi iliyoinama, na sisi tunajua pa kuilenga. Niliitumia vile ulivyonifundisha, kugonga ubao juu kulia na kuacha mpira udondoke. Zilipobaki sekunde chache tulikuwa mbele kwa pointi moja na mpira ninao mimi. Tata Mbuyi, kocha wetu, alikuwa anapiga kelele mpaka sauti imemkauka: "Banza, chunga mupira! Kimbia nayo tu, usifunge!" Kazi iliyobaki ilikuwa kukimbia huku na huku mpaka mzee wa meza agonge kile kipande cha reli chetu cha kumalizia mchezo. Mtoto yeyote angeifanya.

Ndipo king'ora kikalia shimoni.

Yaya, sikufikiri. Nataka ujue hilo. Sikuwaza kwamba mchezo umeisha, wala sikuchanganya king'ora na reli. Mikono yangu iliacha kudunda mpira, miguu yangu ikasimama. Nilikuwa na mpira kwenye kiganja kama mtu aliyeshika sahani akingoja kupakuliwa. Na si mimi tu. Wenzangu wanne walisimama. Uwanja mzima ulinyamaza, mamia ya watu, wote wamegeuza uso upande wa mgodi. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga aliweka besani lake chini.

Wale wa Lubumbashi hawakujua chochote. Kwao king'ora ni kelele tu. Mmoja wao, mfupi, alikuja akautoa mpira kiganjani mwangu, taratibu, hata akaniangalia usoni kama anayeuliza kama naumwa. Akakimbia peke yake upande wa pili na kufunga kwenye ringi iliyonyooka. Nilisikia nyavu. Halafu reli ikagongwa. Kisha king'ora cha pili kikalia, na sisi tukaanza kusogea.

Mwamuzi alisema kikapu ni halali, na alikuwa na haki. Sheria ya kikapu haijui baruti.

Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningepumua. Niliketi chini ya ringi, Tata Mbuyi akaja akakaa karibu nami, mzee mzima na suruali yake ya sherehe kwenye vumbi. Akasema, "Banza, hapana kulia. Hata mi nilisimama. Nilikuwa naita jina yako, sirène ikalia, kinywa ikafunga." Tukakaa hivyo mpaka watu wakaisha.

Jumatatu iliyofuata mkuu wa michezo alisema maneno machache: "Kampuni haina tena lazima ya basket." Wachezaji wote tumerudishwa zamu za kawaida, mimi shimoni kutwa nzima. Nyumba ya kambini nahama. Uwanja utakuwa maegesho ya malori. Miaka yote ile, yaya, tangu vile vyuma vyako vya kuokota, imeishia kwenye maegesho ya malori. Sokoni wanawake wananiita, "Citoyen Sirène! Leo unasimama wapi?" Nacheka nao, nanunua unga, naondoka. Nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuukoroga.

Na shimoni king'ora kinalia kila siku, na kila siku nasimama, na kila nikisimama namwona yule mfupi akija. Wakati mwingine nakasirika na wewe. Neno hili naliandika bila kulifuta. Nasema moyoni, usingenishika kola pale stesheni, labda ningekimbia. Halafu naangalia miguu yangu, miwili, ndani ya viatu vyako, naona aibu kwa nilichosema. Sijui niombe msamaha wa lipi, la kusimama au la kukasirika. Naomba wa yote mawili.

Jambo moja la mwisho. Wanaanza kung'oa uwanja juma hili. Nilimwomba Tata Mbuyi waache ringi moja, ile yako iliyoinama, mpaka mwisho wa mwezi. Akasema, "Nitabaambia ngazi imepotea. Mutu atatafuta ngazi, ni kazi ya siku mingi." Kwa hiyo ringi ipo. Yaya, njoo. Ulisema utakuja siku ya kombe, na kombe halipo na halitakuwepo. Vaa tu hilo shati, upande treni. Nitakuja kukupokea stesheni, tuende pale, urushe mpira hata mara moja, ukiwa umeniegemea. Kisha tuishushe wenyewe.

Msalimie mama na umwambie ukweli wote, asije akausikia sokoni. Msalimie mjomba wetu wa kanisani, na dada yetu mdogo aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mwambie mtoto wake mpya nitamwona nikipewa likizo. Shemeji, asante kwa macho na sauti yako. Akikuomba urudie mahali fulani, parudie polepole.

Mama Feza atarudi Kolwezi mwishoni mwa mwezi, panda naye. Nitakuwa stesheni siku hiyo. Akishuka peke yake nitaelewa, sitamuuliza kitu. Nitakwenda uwanjani na ngazi, peke yangu.

Ni mimi mdogo wako niliyesimama,
Banza