Ratili za Mama

Kariakoo, 3 Machi 1934

Kaka Mbaruk,

Shikamoo. Homa yako imekwisha? Sisi hatujambo, ila Mama. Tangu Ramadhani amenenepa ghafla. Majirani wanamsifu eti amenawiri kwa kukaa kwa mwanawe, naye anacheka. Lakini akifika tu hapo kisimani anahema, na viatu havimwingii. Wewe ni karani wa hospitali huko Tabora, tuulizie kwa daktari.

Mdogo wako, Thuraya

Tabora, 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Homa imekwisha, alhamdulillahi. Daktari nimeona haya kumweleza mwili wa mama yangu. Lakini orodha yao ya uzito naipiga chapa mimi mwenyewe, naijua. Mpime Mama kwenye mizani ya mchele ya shemeji Ubeid, bila viatu. Urefu mpimie ukutani, kiuno kwa tepu ya fundi cherehani.

Kaka yako

Kariakoo, 20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Tumempima Ijumaa, duka likiwa limefungwa. Urefu futi tano, kiuno inchi arobaini na mbili, uzito ratili mia na sabini na nne. Alipokaa kwenye mizani akasema, "Leo nimekuwa gunia la mbata. Mtaniuza kwa nani?" Tulicheka mpaka machozi.

Mdogo wako

Tabora, 28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisalimie Mama. Orodha inasema mwanamke wa urefu na umri wake asizidi mia na thelathini na tano. Basi huo ni ugonjwa wa unene, wala si kunawiri. Asile wali, tui wala maandazi. Asubuhi uji mtupu, jioni mchicha. Mpime kila Ijumaa.

Kaka yako

Kariakoo, 6 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi sijambo, lakini nimechoka. Mama anakula uji na mchicha tu, na mizani inapanda: mia na themanini na sita! Mashavu yamebonyea, tumbo na miguu vinazidi. Ubeid anasema anadokoa. Nilipomuuliza, alilia akaapa. Jana alinisihi nimpe kipande cha mkate wa kumimina, nikamnyima. Niambie nimpe, kaka.

Mdogo wako

Tabora, 13 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Usimpe. Mizani haimwonei mtu. Funga kabati, ufunguo ukae nao wewe. Nami naumia, ndiyo maana nakaza.

Kaka yako

Kariakoo, 9 Juni

Kaka,

Shikamoo. Simu ya msiba imekufikia, kwa hiyo nakueleza ambayo haikusema.

Pumzi zilipombana tulimpeleka hospitali. Daktari hakuanza na mizani. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akaachia, pakabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa. "Amevimba hivi tangu lini?" Yalikuwa maji, kaka. Moyo ulikuwa umeshindwa. Nilimwonyesha barua zako. Akazisoma, akanirudishia.

Walimtoa maji wiki mbili, ndoo kwa ndoo, kisha wakampima. Ratili mia na ishirini na sita, na miguu bado imevimba. Kwa orodha yako, Mama alikuwa mwembamba. Sisi tukamshindisha njaa.

Asubuhi ile ya mwisho aliniomba mkate wa kumimina. Nilikimbia nyumbani nikafungua kabati, nikautoa ule uliopikwa alfajiri, nikarudi nao ungali na joto. Nikakuta wamemfunika.

Ufunguo bado nimeufunga kwenye pindo la kanga. Niambie niuweke wapi.

Mdogo wako, Thuraya