Kalis ya Babu wa Saba

Kwako Hadjirul,

Huku Jolo hatujambo. Durian zimeiva, paka wa Mama kazaa tena, na upanga wako umefika.

Mjomba wako aliuleta umeviringishwa kitambaa cha manjano, akatangaza mbele ya wageni: "Hii ndiyo kalis ya babu wa saba wa Hadjirul. Ndiyo mahari ya Nurmina!"

Baba, aliyefua panga hizo miaka arobaini, akauchomoa alani, akapitisha ukucha kwenye shina lake, pale bapa linapoingia mpinini.

Nikufundishe, maana hujui kitu. Kalis ya kale shina lake ni kipande cha chuma cha peke yake, kimebanwa kwenye upanga, na kiungo chake huonekana hadi ukingoni. Wako una mstari uliokwaruzwa tu ubavuni. Ukingoni hakuna kitu.

"Vipi, mzee?" mjomba wako akauliza.

"Basi babu yake wa saba ni mimi," Baba akajibu. "Huu nimeufua mwaka juzi, wa kuwauzia watalii. Ona, hapa msumari uliniteleza nikiukwaruza mstari."

Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Mjomba wako naye akacheka, maskini, angefanyaje?

Nakurudishia. Uukatie vitunguu, ila taratibu, usije ukapinda.

Wewe hukujua, lakini wiki nzima nilikuwa nikimbembeleza Baba akupokee hata ukija mikono mitupu. Alikuwa ameshakubali.

Nurmina, binti wa mhunzi