Utabadilishwa na Nani?

Jumatatu, 6 Mei

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini magoti yamepungua maumivu. Mimi ni mzima, ila moyo hautulii. Keshokutwa meli yetu inaanza kupakua mafuta, na zamu ya pampu ni yangu. Mpira unaoyapeleka bandarini umevimba kwenye kiungo kama shavu lenye jipu. Nahodha anasema mpira ni mali ya bandari. Msimamizi wa bandari anasema ukishaunganishwa na meli ni wa meli. Wote wananiahidi kwamba utabadilishwa.
Mwanao

Jumanne, 7 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Magoti yanauma kwa adabu. Barua pepe yako ina kosa moja: “utabadilishwa”. Utabadilishwa na nani? Nimefundisha miaka mingi kwamba kauli ya kutendwa humficha mtendaji. Sikujua kwamba watu wazima huhamia humo. Wahenga walionya kuhusu manahodha wengi. Hawakuwaza chombo kisicho na hata mmoja. Mafuta yakimwagika baharini, samaki hawatauliza mpira ulikuwa wa nani. Usiwashe pampu hiyo.
Baba yako

Jumatano, 8 Mei

Shikamoo Baba,
Ni rahisi kuyasema hayo ukiwa kitini. Nahodha ameniambia nisipowasha atamwita mwingine, nami nitafute kazi nchi kavu. Mpira ni ule ule. Naingia zamu.
Mwanao

Ijumaa, 10 Mei

Mwanangu,
U hali gani? Tangu juzi simu yako haipatikani. Niandikie hata sentensi moja, hata yenye makosa.
Baba yako

Jumapili, 12 Mei

Shikamoo Baba,
Ni mzima; simu tunazizima meli ikipakua mafuta. Sikuwasha. Nahodha akamwita msaidizi wake; naye alipougusa uvimbe, akarudisha mikono mfukoni. Nikamwita msimamizi wa bandari kwa redio ya meli. “Mzee, mimi nimefunga valvu yangu ya mafuta huku melini. Wewe je?” Akajibu, “Nami nafunga yangu, dada.”
Ikabidi wakubwa wake walete mpira mpya. Ule wa zamani waliujaribu kwa maji gatini, ukapasuka pale pale kwenye kiungo. Baharini halikufika tone.
Lakini meli imechelewa, na aliyeichelewesha amepatikana upesi. Nashuka kesho na mizigo yangu.
Mwanao

Jumapili, jioni

Marahaba, mwanangu.
Nitakuwa kituoni basi likiingia. Sanduku usiliinue peke yako.
Baba yako