Mume Wangu Anapunguza Nini?

Mpendwa shangazi Veronika, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo ambalo Morogoro nzima italisimulia, maana moyo umenijaa na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mume wangu Wilfred ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja hapa mjini, na tangu kiwanda kiuzwe kwa mwekezaji amekuwa mtu mwingine kabisa, nikadhani amepandishwa cheo, nami najua mwanaume akipandishwa cheo macho nayo hupanda. Ilianza wakati wa Kwaresima, akawa anaacha nusu ya ugali na nyama anawagawia watoto, nikasema huyu anafunga, lakini Pasaka ikapita na sahani bado anaisukuma, nikamuuliza kulikoni, akasema, "Tunapunguzwa, mama Esther," nikacheka, nikamwambia, "Unapunguzwa nini wewe, hata kitambi cha kuazima huna?" Akainamia sahani, akasema, "Mwili," na kesho yake alfajiri akavaa raba za mitumba akatoka mbio kuelekea mlimani.

Tangu hapo ni mazoezi kila siku isipokuwa Jumapili, anasema akimaliza anapitiliza kazini, na jioni akirudi anatuhutubia kwamba mtu akikimbia alfajiri na kula kidogo usiku mwili unachoma chakula upesi hata akiwa amelala, nami namuuliza hayo mafuta ya kuchoma yako wapi, anageuka kufungua kamba za raba. Amekonda hadi majirani wanamtazama kwa jicho la ule ugonjwa. Viganja vimetoka malengelenge, eti ananyanyua vyuma. Ovaroli yake ya kazi sijaifua tangu Pasaka, na hapo ndipo nilipojua yuko mwanamke anayeifua. Na kweli, jirani yangu mama Salum, anayefuata mboga kule Towero mlimani, kamwona Wilfred wangu kibarazani kwa mjane mmoja anaitwa Martina, mwenye bustani za kabichi, anakula magimbi na chai kama baba mwenye nyumba! Kumbe chakula changu ndicho kinachonenepesha, cha Martina hakinenepeshi? Nimeshaongea na dada zangu wawili, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunapanda kwa huyo Martina, na tukishuka hatakuwa na sura ya kukaribishia waume za watu. Je, shangazi, nakosea?

Prisca, Mwembesongo

*

Marahaba, Prisca mwanangu. Majina yenu nimeyabadili, maana wewe ulimwandika mumeo kamili hadi jina la babu yake, kana kwamba unampeleka mahakamani. Pole kwa kulala na mashaka. Lakini ndiyo, unakosea, na mambo yote yaliyo kwenye barua yako umeyashuku isipokuwa lile lililostahili.

Tuanze na hayo mazoezi. Ni kweli kwamba mtu akikimbia, akapanda mlima, akanyanyua vizito misuli ikakaza, mwili wake hutumia chakula kwa kasi zaidi. Lakini mwili wa namna hiyo hudai! Mtu wa mazoezi akirudi nyumbani hufunua masufuria kabla hajavua viatu. Ukiunyima chakula hauchomi upesi, nao unabana matumizi kama sisi sote miaka hii, unalegea na kusinzia. Sasa niambie, ni mwalimu gani wa mazoezi anayemfundisha mtu asiye na kitambi kuwaachia watoto nyama yake? Huyo hapunguzi mafuta. Anapunguza mlaji mmoja mezani kwako.

Na malengelenge je? Tangu lini mtu akakimbia kwa viganja? Ukipanda Towero vyuma vya kunyanyua huvioni, unaona matuta ya kabichi, kama ya huyo Martina, yanayosubiri kibarua wa kuyalima.

Turudi kwenye lile neno. Mumeo hakusema "napunguza." Alisema "tunapunguzwa." Mwanangu, unaishi katika mji wa viwanda na neno hilo hulijui? Kiwanda kikipata mwenye mali mpya, watu hupunguzwa kazini. Alikuja kukuambia, ukamcheka, akaona aibu, akashika jibu ulilomtilia mdomoni. Ovaroli haifuliwi kwa sababu haivaliwi.

Sikuapii. Nikiwa nimekosea niandikie unitukane, nitakuchapisha hapa hapa gazetini. Lakini mimi husoma barua nyingi, na mwanaume anayekwenda kwa hawara huvaa vizuri na kurudi ameshiba. Wako anarudi na njaa na mikono imechubuka.

Naye asidhani nimemsahau. Wilfred, kama unasoma, mficha maradhi kifo humuumbua. Mkeo si mtoto wa kudanganywa kwa raba za mitumba.

Sasa fanya hivi. Leo jioni usipakue kwenye sahani. Weka ugali kwenye sinia moja mle wote, asipate cha kusukuma. Watoto wakiondoka muulize taratibu, "Baba Esther, wamekupunguza?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Usimtaje mwanamke. Akikubali, usimwulize kwa nini hakusema, maana unajua kwa nini. Tangu hapo asitoke bila kutia kitu tumboni, uji mzito au kiporo, na jioni ale maharage na mboga hadi ashibe, kwa sababu kulima mlimani kunamtosha kabisa kwa mazoezi. Akila hivyo na bado akazidi kukonda, nendeni hospitali wote wawili, mkapimwe pamoja, acheni kusomewa majibu na majirani.

Na Jumamosi hiyo panda Towero kama ulivyokusudia, ila dada zako waache nyumbani. Piga hodi kwa Martina, msalimie vizuri, umshukuru. Muda wote huu ambao wewe unanusa mashati, yeye alikuwa anamlisha mumeo.