Nyumba Aliyohama Nayo Mama Mkwe

Jumapili, Julai 1975. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Kanisani sikwenda.

Leo mama mkwe amelia, na nadhani ni sisi tuliomliza.

Mama haoni tangu kabla sijaolewa. Tulipohamishiwa kijiji hiki kipya, nje kidogo ya Milanzi, nyumba yake ya zamani ilibomolewa. Hapa nyumba zimepangwa mstari, na uwanja wetu ni mtupu. Siku za mwanzo tu nikaona jambo lililonisisimua mwili. Mama akivuka uwanja, katikati anainama kama anayeingia mlango mfupi. Anapinda kushoto. Anapapasa ukuta ambao haupo. Kisha anasimama, ananong'ona Kifipa, ananyamaza kidogo kama mtu anayejibiwa, anaendelea.

Mdogo wangu Anyosisye anasomea udaktari Dar es Salaam. Alipokuja likizo nikamwonyesha. Hakucheka. Alisema kuna wataalamu walioingiza nyaya nyembamba mno kwenye ubongo wa panya, wakakuta seli inayoshtuka panya akifika mahali fulani tu. Akisogea, hiyo inanyamaza na nyingine inashtuka. Wengine wanapiga hesabu kutafuta jinsi seli hizo zinavyoshirikiana mpaka mnyama ajue alipo. Bado wanabishana.

"Dada, huenda kichwani mna ramani," alisema. "Ya mama haijahama."

Wiki iliyopita ramani hiyo nusura imuue. Mlango wake wa nyuma, kule zamani, ulitokea bustanini. Hapa upande huo tumechimba shimo la choo. Anyosisye alimdaka, mguu wake mmoja ukiwa tayari hewani.

Tukafunga kamba kutoka mlangoni mpaka jikoni, ng'ambo ya uwanja. "Shika hii, mama, usiiachie," nikamwambia. Anyosisye alisema akiifuata kila siku, huenda ubongo ukachora upya.

Leo asubuhi ameuvuka uwanja wima. Hakuinama popote. Anyosisye akapiga makofi.

Mama akaketi chini pale pale, machozi yanamtiririka.

"Kuna nini, mama?"

"Mzee hajaniitikia leo, mwanangu. Mmenipitisha wapi?"

Mzee ni baba mkwe. Tulimzika kule kabla ya kuhama.

Nilimvuta mdogo wangu pembeni nikamuuliza kama seli hizo zinaweza kumtunza mtu, si mahali tu.

"Hilo hakuna anayelijua, dada." Aliongea taratibu, macho yake katikati ya uwanja.

Tangu hapo Anyosisye hajavuka pale. Anazunguka nyuma ya nyumba.

Mume wangu ameshalifunika shimo kwa magogo na udongo. Nimeamua: kesho nitaifungua ile kamba, nimwache mama apite njia anayoijua, nami nitamfuata nyuma.

Naogopa asimpate mzee.

Naogopa zaidi ampate, na mimi nisikie.